Tupeane uzoefu: The Snow Goose ya Camel ilikuingiaje?

Mwanzisha uzi
Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa sisi wachache tunaosikiliza roki ya zamani ya Waingereza, ile ya nyimbo ndefu. Tuiongelee The Snow Goose, albamu ya 1975 ya bendi ya Camel. Kwa wasioijua, imetokana na kisa cha Paul Gallico. Rhayader ni mchoraji mwenye ulemavu, anaishi peke yake kwenye mnara wa taa uliotelekezwa huko Essex. Binti aitwaye Fritha anamletea bata bukini aliyejeruhiwa. Mwaka 1940, wakati wa vita, Rhayader anatweka mashua kwenda Dunkirk, Ufaransa, kuokoa askari, na harudi. Camel wamesimulia yote hayo kwa vyombo. Sauti za watu zimo kidogo, lakini hazitamki neno. Gallico hakupendezwa na mpango huo, ndiyo maana jaladani pameandikwa kuwa ni muziki uliochochewa na kisa chake.

Mimi nilinaswa na filimbi ya Andy Latimer, mpiga gitaa wao, kwenye kipande cha "Rhayader". Tuni nyepesi, mtu anaipigia mluzi huku anamenya vitunguu. Naomba zenu. Na je, ni lazima usome kitabu kwanza, kama wengine wanavyosema?

Mdau wa Mombasa
Mimi niliipata kwenye kaseti ya kaka yangu baharia, haina hata majina ya nyimbo. Bata sijui, Dunkirk sijui. Nilipofika pale ngoma zinapotembea taratibu, besi iko chini, halafu matarumbeta yanaanza kupanda, nikamwambia mke wangu, "Hapa kuna mtu anakwenda kufa." Kwa hiyo nyie mnaosema lazima kitabu kwanza, mnatuonea.

Mdau wa Leicester
Hapana mkuu. Hicho ni kipande cha "Dunkirk", chenyewe kinajieleza, kina kishindo. Lakini "Fritha Alone" je? Ni kipande kifupi mno cha kinanda cha Peter Bardens. Asiyejua kisa anakipita, anadhani ni sehemu ya kuvuta pumzi. Mimi nilikuwa nimeshasoma, najua binti kabaki na ndege tu. Nilisimamisha muziki pale pale, sikuweza kuendelea.

Mdau wa Arusha
Mtanisamehe, inanichosha. Vipande 16, vingi vifupi, ukianza tu kunogewa kimekatwa. Albamu yao ya Mirage ya 1974 ndiyo Camel wenyewe, pale Andy Ward anapiga ngoma kama mtu. Hii okestra aliyoipanga David Bedford imetia sukari mno.

Mwanzisha uzi
Arusha, tafuta ile ya jukwaani, Royal Albert Hall, Oktoba 1975, wakiwa na London Symphony Orchestra. Ward hajajificha pale.

Mdau wa Arusha
Nimeshaisikia. Dunkirk nawaachia. Mengine nabaki na msimamo wangu.

Mdau wa Muscat
Mimi napiga gitaa kwenye bendi ya hoteli na kufundisha vijana jioni. Kila kijana anakuja anataka kasi. Namwekea Latimer, namwambia ahesabu noti. Ni chache! Anaipiga moja, anaivuta kidogo, anaiacha ilie hadi iishe yenyewe. Yupo mmoja alinicheka mwanzoni, akashinda wiki nzima anatafuta mlio ule na hakuupata, maana uko kwenye vidole, hauko kwenye mashine.

Latimer aliirekodi upya albamu hii 2013, Bardens akiwa ameshafariki, 2002. Imetoka safi sana. Ila mimi narudi kwa ile ya kwanza, kwa ajili ya vinanda vya marehemu.

Mdau wa Leicester
Hapo tuko pamoja.

Mdau wa Kigoma
Mimi sijawahi kuisikia kabisa, nimevutwa na ubishi wenu. Nianze na kipande gani?

Mdau wa Mombasa
Usichague kipande, ndugu yangu. Kama unasikilizia simuni, zima kile kitufe cha kuchanganya nyimbo, anza na cha kwanza, iache mpaka iishe. Haifiki dakika 45. Kisha uje hapa umjibu huyu wa Arusha.