Daktari wa kudumu kwa mama, na barua za rufaa zisizosema kitu

Binti wa Mbale

Ndugu zangu, naomba ushauri wa wale waliokwisha kupitia hali hii. Mama yangu ana kisukari na shinikizo la damu, na kwa miaka mingi alipokuwa Mbale, hapa kwetu Uganda, alitibiwa na daktari mmoja aliyemfahamu vizuri, aliyejua kwamba amlodipini, dawa ya presha, ilimvimbisha miguu na kwamba dawa iliyofuata ilimkubali. Tangu nimlete akae nami hapa Kira, kila tunapokwenda kliniki tunamkuta daktari mwingine, ambaye anauliza maswali yaleyale, anaagiza vipimo ambavyo majibu yake tumeyashika mkononi, kisha anabadilisha dawa bila kutueleza sababu.

Sasa ameanza kuhema anapopanda ngazi, na hospitali moja ikatuandikia barua ya kumwona daktari bingwa wa moyo. Barua ilikuwa na mstari mmoja tu: "Tafadhali mpokeeni kwa uchunguzi zaidi." Haikutaja dawa anazotumia, wala vipimo vyake, wala ni nini kilimfanya mwandishi ashuku moyo. Tulikotumwa tukaambiwa kuwa siku ile haikuwa ya kliniki ya moyo, na kwamba turudi tulikotoka tukaandikiwe barua iliyokamilika. Mama mwenye umri wake, aliyeketi kwenye benchi tangu alfajiri bila kutia kitu kinywani kwa ajili ya kipimo cha sukari, akarudishwa nyumbani kwa sababu ya karatasi. Jambo hilo limeniuma sana. Nitampataje daktari mmoja wa kumfuatilia, na je, ni lazima tupitie kila ngazi ndipo tumwone bingwa?

Tabibu wa Busoga

Pole sana, dada, na umfikishie mama salamu zangu. Ninafanya kazi katika kituo cha afya cha ngazi ya tatu, na kuandika rufaa ni sehemu ya kazi yangu, kwa hiyo uchungu wako naujua kutoka upande wa pili wa meza. Kwa mpango wa serikali, kituo cha ngazi ya pili huhudumia parishi (eneo la vijiji kadhaa), cha tatu kaunti ndogo, na cha nne ndicho cha kwanza kupangiwa daktari na chumba cha upasuaji. Juu yake kuna hospitali za wilaya, za rufaa za mkoa kama Mbale, Jinja na Entebbe, kisha za taifa kama Mulago na Kiruddu. Katika mpango huo wote hakuna mahali ambapo mwananchi huandikishwa kwa daktari mmoja, au kwa kliniki moja kama wanavyofanya Uingereza, na madaktari waliobobea katika udaktari wa familia, ingawa Makerere na Mbarara huwafundisha, bado ni wachache mno. Kumbukumbu ya mgonjwa hubaki katika daftari alilolinunua mwenyewe dukani, na likinyeshewa au likipotea, daktari anayefuata hana budi kuanza upya.

Kuhusu barua, usiondoke chumbani kabla hujaisoma. Ni haki yenu kumwomba aliyeiandika aongeze dawa na dozi zake, viwango vya presha vya hivi karibuni, majibu ya maabara, na swali hasa analotaka bingwa alijibu. Fomu ya rufaa ya Wizara ya Afya ina sehemu ya chini inayojazwa na hospitali iliyompokea mgonjwa ili irudishwe kwetu. Zinazorudi ni chache, nami hunibidi kusoma maandishi kwenye pakiti tupu za vidonge ili nijue bingwa alibadilisha nini. Iombeni sehemu hiyo ijazwe, muibebe wenyewe.

Lakini jambo moja msilicheleweshe: akihema hata akiwa amelala, au akiumwa kifua, msingoje barua wala siku ya kliniki, mpelekeni idara ya dharura saa hiyohiyo.

Mzee wa Bombo

Binti yangu, mimi pia nina presha, na ninaona ni afadhali kutafuta kliniki ya kudumu kuliko kumtafuta daktari wa kudumu, kwa maana madaktari wa serikali huhamishwa. Hospitali nyingi zina siku maalumu ya juma kwa wagonjwa wa kisukari na presha. Ukihudhuria siku hiyo bila kukosa, muuguzi wa kliniki ndiye atakayekujua kwa jina, na mara nyingi yeye ndiye anayemwambia daktari mgeni, "Huyu mzee dawa hiyo ilimkataa." Kuhusu fedha, ada katika vituo vya serikali ziliondolewa mwaka 2001, isipokuwa katika wodi za kulipia, ila jiandae kununua dawa nje, kwa sababu stoo ikiishiwa utapewa karatasi tu.

Mwalimu, Ntinda

Ninamheshimu mzee, lakini kwa mgonjwa aliyeanza kuhema singeitegemea kliniki ya juma pekee. Mabingwa wengi wa hospitali za umma huwaona wagonjwa jioni katika kliniki binafsi, na huko mtu huweza kujipeleka bila barua ikiwa analipa mwenyewe. Kwa anayetumia bima ya kazini hali ni tofauti: bima yangu hudai barua, na hulipa tu kwa hospitali zilizo kwenye orodha yake, kwa hiyo uliza kwanza kama wazazi wamo. Hakikisha pia kwamba daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari na leseni yake ni ya mwaka huu.

Binti wa Mbale

Asanteni sana nyote. Nimezungumza na daktari wake wa zamani, naye amekubali kuandika muhtasari wa matibabu yote na kuutuma kwa basi. Tabibu, kuna jambo ambalo nimwombe asilisahau?

Tabibu wa Busoga

Mwombe aweke tarehe ambayo kila dawa ilianzishwa na sababu ya zile zilizoachwa. Kama mama anatumia metformini, dawa ya kisukari, majibu ya vipimo vya figo yawemo pia, kwa kuwa kiwango chake huamuliwa kwa kuangalia figo. Toa nakala, umwachie muuguzi wa kliniki moja, na asili yake ibaki kwako.