Kidonda cha msamba kutoa usaha baada ya upasuaji wa saratani ya puru

Muulizaji
Habari zenu, ndugu zangu. Baba yangu, mwenye kisukari na aliyeacha sigara wiki moja tu kabla ya kulazwa, alifanyiwa upasuaji wa saratani ya puru (sehemu ya mwisho ya utumbo mpana) baada ya kumaliza mionzi. Aliondolewa puru pamoja na njia ya haja kubwa, akawekewa mfuko wa kinyesi tumboni. Mshono wa tumboni umefunga vizuri, lakini siku ya 12 ule wa msambani, pale palipokuwa na njia ya haja kubwa, ulianza kutoa majimaji, na sasa kila ninapobadilisha shashi naikuta imelowa usaha wa manjano. Ndugu wananilaumu kwamba simsafishi ipasavyo. Ni mambo gani hasa huleta hatari hii, na je, kosa ni langu?

Muuguzi wa wodi ya upasuaji
Pole sana, dada, na mpe mzee pole. Usafi una nafasi yake, lakini hatari kubwa ya baba ilikuwapo kabla hujashika shashi ya kwanza. Puru ikiondolewa, hubaki uwazi katikati ya mifupa ya nyonga, na kwa kuwa mifupa haisogei kuuziba, damu na majimaji hutuama humo na kuwa makao ya bakteria. Ngozi iliyopigwa mionzi nayo huwa na mishipa midogo iliyoharibika, hivyo hewa ya oksijeni na chembe nyeupe za damu, zinazopigana na vijidudu, hufika kwa shida, na juu ya hayo mgonjwa anakalia kidonda chenyewe. Sigara hubana mishipa hiyo hiyo. Ndiyo maana wagonjwa hushauriwa kuiacha angalau wiki 4 kabla. Unene, lishe duni na dawa za steroidi pia huchangia.

Daktari mstaafu
Naongezea ya chumba cha upasuaji. Hakuna usafishaji wa utumbo mpana unaoweza kuua vijidudu vyote vilivyomo, kwa hiyo kila unapokatwa kuna uwezekano wa kuchafua jeraha. Upasuaji wa saa nyingi, kupoteza damu hadi kuongezewa, na mwili kupoa mezani huzidisha hatari, ilhali ule wa matundu madogo huacha mshono mfupi tumboni wenye maambukizi machache. Kuvuja kwa maungio ya utumbo ni chanzo kingine kizito, ila kwa baba yako hakipo, kwani hakuunganishwa. Antibiotiki ya kinga nayo ina wakati wake: mara nyingi hutolewa ndani ya dakika 60 kabla ya kukata, na hurudiwa upasuaji ukirefuka.

Hata hivyo, napingana kidogo na muuguzi: yapo ambayo bado yako mikononi mwenu. Sukari ikibaki juu, chembe nyeupe hupigana kwa ulegevu, na asipokula protini ya kutosha nyama mpya haioti. Je, mnampima? Na usaha huo usitibiwe nyumbani kwa kubadilisha shashi tu. Huenda kuna jipu ndani linalohitaji kufunguliwa. Akipata homa au kutetemeka, msingoje siku ya miadi.

Muulizaji
Asanteni sana, wazee wangu. Nakiri kwamba tangu atoke wodini tulikuwa tukihangaika na kidonda tu, mashine ya sukari ikakaa kabatini. Nimempima sasa hivi, imesoma 16, iko juu sana. Hana homa, lakini tunamrudisha hospitali leo leo.