MJADALA: Sangara akirudi Ziwa Victoria, mukene (dagaa) atabaki?

*Mwanzisha mada*
Mwaka 2017 jeshi lilianza doria upande wetu wa ziwa, Uganda, kuzuia uvuvi haramu. Sangara chini ya sentimita 50 ni haramu, mtumbwi chini ya futi 28 nao haramu. Tunaambiwa "samaki watarudi", kana kwamba ziwani kuna samaki wa aina moja. Sangara anamla mukene! Mwaka 1926 Mtaliano Vito Volterra alieleza kwa hesabu kilichotokea Bahari ya Adria: Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopunguza uvuvi, sehemu ya papa na jamaa zao sokoni ilipanda. Ukivua wote wawili, mwindaji hupungua na windo huongezeka. Ukipunguza kuvua, inageuka. Kwa hiyo doria ikifaulu, viwanda vya minofu vitashiba na mboga ya maskini itaadimika. Hilo tuliulizwa lini?

*Mvuvi, Buvuma*
Ndugu, huyo Mtaliano alimpasua sangara tumbo? Mdogo utamkuta na uduvi. Mkubwa anakula mpaka watoto wa sangara wenzake. Hesabu ya samaki wawili haitoshi hapa.

*Mwalimu wa hesabu, Jinja*
Mzee kasema kweli, na ukiingiza uduvi na huko kulana, jibu linaweza kubadilika. Ila hesabu hiyohiyo ina jambo ambalo mwanzisha mada kalipita. Vua mukene peke yake: kwa muda mrefu wastani wake haushuki, anayepungua ni sangara. Kwa nini? Mukene wanaobaki majini ni wale wanaotosha sangara kuzaa kufidia vifo vyake. Ziada tunayoichukua sisi ingekuwa chakula chake. Ukivua kupita kasi ya mukene kuzaana, hapo wote wawili wanaisha.

*Mwanzisha mada*
Mwalimu, basi tuzime taa za kuvulia mukene usiku ndipo sangara apone?

*Muuza mukene, Kalangala*
Thubutu! Sisi tunavua usiku wa giza tu, mbalamwezi ikitoka tunalala njaa. Tena mukene akianikwa mchangani anaishia kuwa chakula cha kuku, anayeliwa na watu ni wa kwenye vichanja. Kabla hamjanizimia taa, Mwalimu, piga hesabu ya hao kuku kwanza.

*Mwalimu wa hesabu, Jinja*
Dada, kuku nao ni wawindaji. Nitawaingiza.