Kituo cha afya cha kata yetu kinataka kufungwa, naomba ushauri

Habari wadau. Niko kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, Kigoma. Halmashauri inapendekeza kufunga kituo chetu cha afya, eti watumishi hawatoshi. Sasa mama akishikwa na uchungu usiku, ziwa limechafuka, boti gani itamfikisha hospitali ya mkoa ya Maweni, Kigoma mjini? Na Sera ya Afya ya 2007 si ilitaka kila kata iwe na kituo? Diwani anasema suala litapita kwanza kamati ya kudumu, kisha Baraza la Madiwani. Kikao cha baraza mwananchi anaingia kusikiliza, kuchangia ndiyo mtihani. Je, tumpelekee mkurugenzi barua na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, au tuanze kumbana diwani kwenye kamati ya maendeleo ya kata? Aliyewahi kupitia hili anielekeze.