"Inaingia tu boss" ndiyo kipimo gani? Wauza spea za gitaa la umeme mmenichosha

Wakuu habari zenu. Leo sina salamu ndefu maana nina hasira, na nikianza upole nitasahau nusu ya niliyokuja kuyasema.

Nipo Mwanza, natengeneza gitaa la umeme mwenyewe, nyumbani, kwa mkono. Bodi ni mninga, shingo mkangazi, ubao wa vidole ni mpingo niliopata kwa mchonga vinyago. Kazi ya mbao iliisha kitambo. Limepigwa msasa, limepigwa vanishi, jirani yangu mzee seremala kalikagua akasema "hapo sawa", na huyo mzee si mtu wa kusema sawa ovyo. Lakini gitaa halitoi hata mlio hadi leo kwa sababu ya vyuma vidogo vidogo ambavyo ukivikusanya vyote vinaenea kwenye bakuli la uji.

Na msije na ile ya "Mwanza hakuna kitu, nenda Dar". Mwanza kuna kila kitu! Njoo na injini ya boti ya miaka ile, utapata mpaka pini ya propela, na muuzaji atakuuliza injini ya nguvu gani, modeli gani, atachukua ile mbovu ailinganishe na mpya kabla hajapokea hela yako. Spea za pikipiki ndiyo usiseme, kijana anakutajia beringi kwa namba kichwani. Wanajua kabisa kwamba mvuvi akiuziwa pini isiyo saizi atakwama katikati ya ziwa usiku, na akifanikiwa kurudi, hilo duka siku hiyo halifungwi kwa amani. Ila tamka gitaa uone. Vipimo vyote vinakufa hapo hapo. Kila kitu kinaingia tu.

Nianze na volyumu, kile kifaa unachozungusha kupandisha na kushusha sauti. Gitaa langu lina pikapu mbili (vile vyuma vyenye sumaku vinavyonasa mlio wa nyuzi) za aina ya hambaka, zile za koili mbili mbili. Hizo zinataka volyumu ya 500K, yaani ukinzani wa kilo-ohm 500, na za koili moja ndiyo 250K. Halafu iwe A, isiwe B. Ya A inapandisha sauti jinsi sikio linavyosikia. Ya B inakwenda sawasawa kwa hesabu, sasa ukiizungusha kupunguza unaona kama hakuna kinachotokea, hakuna kinachotokea, ukikaribia sifuri sauti yote inaporomoka kwa mkupuo. Na kitu chenyewe kimeandikwa mgongoni, A500K, mtoto wa darasa la pili anasoma.

Nimeingia duka moja la spea za redio maeneo ya Makoroboi, nikasema A500K. Kijana akanitolea B50K. Nikamwonyesha maandishi. Akaigeuza, akaitazama, akaniambia: "Boss, tofauti si sifuri moja tu?"

Nikamwuliza inauzwaje, akasema elfu tano. Nikamwambia basi shika mia tano, tofauti si sifuri moja tu? Kumbe hesabu anaijua vizuri sana.

Kwa wasiofahamu, ukifunga 50K kwenye hizo pikapu inazinyonya sauti zote nyembamba, unabaki na gitaa linaloimba limejifunika blanketi. Ukimpelekea mtu wa solo anakurudishia kabla hajamaliza wimbo mmoja.

Hapo hapo nikaulizia nobu. Mti wa volyumu, ule unaovikwa nobu, uko wa aina kadhaa. Kuna mti mzima, laini, wa 6.35 mm, unaotaka nobu yenye kiskrubu ubavuni. Kuna wa meno uliopasuliwa katikati, na huo nao kuna wa meno 24 na wa meno 18. Kwa macho ni pacha. Kijana akapachika nobu, ikagoma. Akaigeuza, ikagoma. Akaisimamisha volyumu juu ya kaunta, akaiwekea nobu kichwani, akaegemea na kiganja kwa uzito wake wote mpaka tukasikia "tak". Akaninyanyulia: "Si umeona? Imeingia." Plastiki nyeusi, ufa mweupe umetoka juu hadi chini.

Akataka nilipie.

Wakuu, akataka NILIPIE. Tumevutana pale mpaka mama anayeuza vocha mlangoni akaingilia, "kaka yaishe, kijana naye anatafuta". Sawa mama, anatafuta, na mimi je?

Niseme haki pia, si kila mtu. Kapasita hazijanisumbua, ile ya maikrofaradi 0.022 inayoandikwa 223 mafundi redio wa hapa wanaing'oa kwenye mbovu wanakupa kwa jero, wengine bure kabisa na stori juu. Springi za kushikilia pikapu nimetoa kwenye kalamu. Nati ya juu inayopanga nyuzi nimechonga kwa mfupa wa paja la ng'ombe, na Usukumani ukikosa mfupa wa ng'ombe ujue una mkosi. Waya wa freti, vile vyuma vinavyokatiza ubao wa vidole, niliagiza Nairobi, ukapitia Sirari, ukafika, sina neno.

Na vile vikombe vidogo vinavyoshika vichwa vya nyuzi kwa nyuma ya bodi, hivyo amenikerezea fundi mmoja wa Nyakato kwa kipande cha shaba. Nilimpa kipenyo kwenye karatasi. Akatoa vernia, kile kipimio cha kubana kinachosoma hadi sehemu za milimita, akapima tundu kwenye bodi yangu kwanza (hakuniamini, na nilimpenda kwa hilo), akakereza kimoja, akakijaribu, akapunguza kidogo sana, akamaliza vingine. Vyote sita vimeingia kwa kidole gumba bila nyundo. Na huyu mtu hajawahi kushika gitaa maishani mwake! Alidhani ni vyuma vya pazia. Kumbe hata ujuzi wa muziki hauhitajiki. Inahitajika vernia, na kumheshimu mteja kidogo.

Sasa tuje kwa hawa wa Dar wanaouza kwenye simu. Kuna mmoja, jina silitaji maana sitaki kesi, ana picha nzuri kweli kweli. Nikamwomba daraja (chuma kinachobeba nyuzi pale kwenye bodi) lisilo na mkono wa kuyumbisha sauti, na seti ya funguo za kukazia nyuzi. Nikamwandikia: kutoka katikati ya uzi wa kwanza hadi katikati ya uzi wa sita, kwenye daraja, iwe 52.5 mm. Nikamchorea mchoro na mishale. Akajibu kwa kidole gumba na "iko sawa kaka, original". Nikamwambia niwekee rula pembeni upige picha. Akanitumia picha ya katalogi ambayo bado ina jina la duka la nje limepita katikati. Nikarudia, kaka, rula. Akasema yupo foleni, mzigo haudanganyi, tuma hela basi lisije likaondoka. Na mimi nilikuwa nimetafuta hicho kitu mji mzima, nikatuma.

Nimeenda kuchukua mzigo stendi ya Nyegezi, nimefungulia pale pale juu ya benchi nikiwa na rula yangu mfukoni. 56. Siyo 53 tuseme mkono uliteleza. 56!

Mtu atasema milimita tatu na nusu ni nini. Shingo yangu kwenye freti ya mwisho ina upana wa 53 mm. Nyuzi hubanana kadiri zinavyoelekea kichwani, lakini daraja likiwa la 56, za pembeni hapo zinabakiwa na milimita moja na nusu hivi tu za ubao kabla hazijafika ukingoni. Ukiutikisa uzi wa kwanza kidogo tu ulie, unadondoka nje. Tena nyuzi hizo hazipiti katikati ya pini za pikapu, zinasogea pembeni yake, kwa hiyo wa kwanza na wa sita wanaweza kusikika hafifu kuliko wanne wa katikati. Hilo ni daraja zuri kwa gitaa la mtu mwingine.

Funguo nazo niliagiza sita za upande mmoja, kwa sababu kichwa cha gitaa langu kimepanga zote sita juu. Zimekuja tatu za kulia na tatu za kushoto, na bushi zake ni tano. Nikampigia. "Utazigeuza tu kaka." Ukizigeuza, tatu zinakaza kwenda mbele na tatu zinakaza kwenda nyuma, mpigaji akiwa katikati ya ibada anakaza uzi kumbe anaulegeza. Na bushi ya sita? "Hiyo utaongezea." Niongezee na nini, meno yangu?

Kurudishiwa hela ndiyo kabisa. "Mzigo ukishatoka haurudi." Baadaye kanipiga bloku. Kati yangu na duka lake kuna zaidi ya kilomita 1,000, na ndicho anachokitegemea.

Najua kuna mtakaokuja na "mkuu si ununue gitaa zima la Kichina unyofoe vyuma". Nimepiga hesabu, na kweli gitaa zima la bei chee halipishani sana na seti ya vyuma, jambo ambalo nalo ni wendawazimu. Ila angalieni linavyowaumiza hata wasiotengeneza chochote. Kijana wa kwaya akikatikiwa ufunguo mmoja, dukani anaambiwa seti nzima au aache. Anaacha. Gitaa linaingia stoo. Kuna kanisa moja hapa mjini lina gitaa shingo imevunjika, vyuma vyake vyote vizima, liko chini ya mazulia ya zamani linashika kutu. Nimeomba kununua vyuma tu. Mzee wa kanisa, kwa upole wake wote, ananiambia ni mali ya kanisa, mpaka kamati ikae. Kamati haikai. Kila nikipita naambiwa Jumapili ijayo, na kutu haisubiri Jumapili.

Kinachoniuma zaidi ni mpingo. Huu huu wa kwetu unavuka bahari kwenda kuwa klarineti na obo, na huko wanaupima kwa sehemu za milimita. Sisi tuliokaa nao tunaambiwa tubonyeze kwa kiganja.

Haya, mwenye vitu hivi aseme: daraja lisilo na mkono la 52.5, funguo sita za upande mmoja za tundu la 10 mm na bushi zake ZOTE, volyumu mbili A500K za mti mzima, na jeki ya 6.35 ya chuma, tundu la kuchomekea waya wa gitaa (siyo ya hedifoni, nimeshaletewa ya 3.5 nikaambiwa nitafute adapta). Picha iwe na rula pembeni, namba zisomeke. Aliye Mwanza nafuata mwenyewe, iwe Igoma, Buhongwa au Kisesa. Wa Dar, natuma nusu, nusu nyingine nikishapima pale stendi mbele ya kondakta. Hutaki, baki na mzigo wako.