Walimu wazuri wanaondoka kila serikali ikitangaza ajira. Meneja wa shule binafsi afanye nini?

MamaRatiba (Mwanza)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni meneja wa sekondari binafsi, kidato cha kwanza hadi cha nne, nje kidogo ya Mwanza, upande wa Usagara. Umeneja wenyewe ni mishahara, ratiba, vyoo vilivyoziba, mzazi anayelipa ada kwa vipande, na mwenye shule anayepiga simu usiku kuuliza luku imeishaje. Juu ya hayo nasoma uzamili wa usimamizi wa rasilimali watu, darasa la jioni, na huko ndiko nilikopatia huu ugomvi ninaowaletea.

Tumefika mada ya kubakiza watumishi. Mhadhiri katupa Herzberg, mwanasaikolojia wa Marekani, kitabu chake cha 1959 kuhusu kinachompa mtu moyo wa kazi. Wahandisi na wahasibu wa Pittsburgh waliulizwa ni lini walifurahi sana kazini na ni lini walichukia sana. Majibu yakajigawa mafungu mawili. Mshahara, msimamizi, sera za kampuni na mazingira ya kazi vikiwa vibaya vinamkera mtu, ila vikiwa vizuri havimpi moyo wa kazi. Moyo anaupata kwenye kazi yenyewe, kufanikisha jambo, kutambuliwa, kupewa dhamana, kupanda. Nimeelewa, hata kwenye jaribio nilifanya vizuri. Asubuhi yake nikakuta mezani barua ya kuacha kazi, ya mwalimu wa fizikia.

Kijana huyu maabara kaipanga kwa mikono yake. Watoto waliokuwa wanalikimbia somo siku hizi wanabaki baada ya kipindi kumsumbua kwa maswali. Kwa Herzberg ana kila kitu: dhamana, mafanikio, sifa hadi kwa wazazi. Lakini kapita usaili wa serikali na kapangiwa kituo mbali, na mshahara haupishani sana na wetu. Nikamwambia, mwanangu, hapa una nyumba, una maabara, mji uko karibu, kule unafuata nini? Akanijibu kwa heshima zote: "Madamu, kule Desemba ni mwezi kama miezi mingine."

Kwetu Desemba si mwezi. Ada inalipwa kwa awamu nne, Desemba watoto wako likizo, basi mshahara unakuja nusu, au unasubiri wazazi walipe Januari. Mwenye shule anasema mwalimu hafundishi Desemba, alipwe kwa lipi?

Sasa kaniletea dawa tatu. Nishike vyeti halisi vya walimu wapya. Niwasainishe kwamba anayeondoka katikati ya mwaka analipa faini. Na tuongeze bonasi kwa kila A ya kidato cha nne. Roho yangu inakataa zote, ila nataka kusikia kwa waliowahi kuendesha shule, na kwa walimu mliokimbia. Msinipambe.

Chaki_Nyeupe

Madamu, mimi nilikimbia. Sasa niko serikalini, shule ya kata, darasa moja watoto wamejaa hadi mlangoni, na sijutii.

Watu wanadhani tunafuata mshahara. Kaa chini upige hesabu za laki sita. Bodi ya mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi popote ulipo, hiyo ni elfu tisini, hakuna ubishi. Kwenye mfuko wa hifadhi, binafsi unakatwa 10, yaani elfu sitini NSSF. Serikalini PSSSF wanakukata 5, elfu thelathini, mwajiri anaweka 15. Elfu thelathini kwa mwezi ni kodi ya chumba huku niliko.

Hilo bado lingevumilika. Kilichonitoa ni siku nilipokwenda NSSF kuangalia taarifa yangu nikakuta miezi imeruka. Kwenye karatasi ya mshahara nimekatwa, kule hakijafika kitu. Nikamuuliza mhasibu, akasema "tunashughulikia". Tangu siku ile sikuwa mwalimu wa shule ile tena, nilikuwa abiria anayesubiri gari. Mkuu wangu akaja kunipa cheti cha mfanyakazi bora! Nikakipokea, nikapiga picha, nikaenda kuomba kazi.

Lipa_Kwanza

Wasomi mnazunguka mbuyu. Ongezeni mshahara, basi. Mwaka 1913 Henry Ford alikuwa anaajiri watu zaidi ya elfu hamsini kwa mwaka ili tu abaki na elfu kumi na nne kiwandani. Kazi ya kukaza skrubu moja kutwa nzima ilikuwa inawachosha roho, wakawa wanaondoka. Januari 1914 akatangaza dola 5 kwa siku, karibu mara mbili ya kiwango cha kawaida, na saa za kazi zikashuka kutoka tisa hadi nane. Asubuhi watu wakajaa getini kutafuta kazi. Hakuwapa dhamana wala sifa. Pesa!

MamaRatiba

Kaka Lipa_Kwanza, Ford nimemsoma pia. Malizia habari yake: dola zile tano hazikuwa za kila mtu. Alikuwa na idara nzima ya kupita majumbani kukagua kama mfanyakazi analewa, nyumba ni safi, pesa anaweka akiba. Mimi nikianza kukagua nyumba za walimu watanizika Usagara.

Ila umenigusa mahali. Herzberg wangu ana ufa ambao hata darasani tuliuona. Ukimuuliza mtu mema yake atakueleza alivyojituma mwenyewe. Ukimuuliza mabaya atamtaja bosi na mshahara. Ni binadamu. Kwa hiyo siwezi kumwambia mwenye shule "mshahara haumpi mtu moyo, kasema Herzberg", maana hilo ndilo jibu analolitafuta kwa hamu.

Chaki_Nyeupe, pole. Kesho naomba risiti za NSSF kwa mhasibu, za mwezi mmoja mmoja.

Mwalimu Mstaafu (Tabora)

Binti yangu MamaRatiba, nimesoma yote. Nimeongoza shule za serikali na baada ya kustaafu nikasimamia ya binafsi, hivyo pande zote mbili nazijua.

Kwa kuwa unasoma, watafute March na Simon, wasomi wa Marekani, kitabu chao cha 1958. Wao waliuliza maswali mawili tu: mtu anatamani kuondoka? Na akitamani, inamwia rahisi? Dawa mbili za kwanza za mwenye shule wako, vyeti na faini, ziko kwenye swali la pili. Anafunga mlango. Lakini mwalimu wa fizikia na wa hisabati nchi hii anatafutwa kila kona, mlango wake haufungiki. Utakaowafungia ndani ni wale wasiotafutwa na mtu. Baada ya miaka michache una shule imejaa watu waliobaki kwa kukosa pa kwenda, na wana hasira.

Vyeti usishike. Sijui kifungu chochote kinachompa mwajiri haki ya kukaa na cheti cha mtu, na siku mwalimu akija kukidai na afisa kazi mbele ya wazazi, hiyo habari itazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kabla ya kengele ya mapumziko. Faini nayo, sheria ya ajira ya 2004 imeshaweka utaratibu wa notisi: anayelipwa kwa mwezi anatoa siku 28. Anza na hiyo.

Bonasi ya A nataka niiseme kwa kirefu kwa sababu inapendwa na kila mwenye shule niliyemjua. Ukilipa kwa A za kidato cha nne, wiki ya kwanza ya Januari walimu wataanza kugombea kidato cha nne. Kidato cha kwanza na cha pili anatupiwa mgeni aliyetoka chuo jana. Mwalimu wa Kiswahili atavuna A nyingi, kwa sababu somo lenyewe linazitoa. Wa hisabati aliyechukua watoto wa F akawafikisha C na D hapati senti, na huyo ndiye aliyekufanyia kazi kubwa kuliko wote. Nimeona walimu wawili marafiki wakiacha kusalimiana kwa bahasha za matokeo. Kama pesa ipo, mpe idara nzima, na uangalie somo limepanda kiasi gani kutoka mwaka uliopita, kuanzia mitihani ya kidato cha pili.

Sasa Desemba. Hapo ndipo penye kazi. Tuseme mishahara yako ni milioni 12 kwa mwezi. Mwaka ni milioni 144. Kwa wanafunzi 300, kila mmoja amebeba shilingi 480,000 za mishahara ndani ya ada yake. Awamu nne: Januari, Aprili, Julai, Oktoba. Kila awamu ina milioni 36, yaani miezi mitatu. Ya Oktoba ni ya Oktoba, Novemba na Desemba. Pesa ya Desemba mzazi alishailipa, binti yangu. Kaulize ilikwenda wapi. Nakisia imegeuka tofali.

Fungua akaunti ya mishahara peke yake. Awamu ikiingia, fungu la mishahara linahamia huko kabla ya mtu kuagiza saruji. Wapo wasiolipa kwa wakati, najua, ndiyo maana Januari ambapo wazazi wanalipa vizuri uweke zaidi ya robo.

Bahari_Kilifi

Hamjambo majirani. Huku Kenya tuna kisa hichohicho: walimu wa BOM, walioajiriwa na bodi ya shule kwa pesa za wazazi, wote macho kwa TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali. Nilikuwa mmoja wao kabla sijaajiriwa na TSC. Mwalimu mkuu wangu alifanya jambo moja ambalo sijaliona kwingine. Alituita kila mmoja mwanzoni mwa mwaka akauliza waziwazi: umeomba TSC? Ukiitwa, utatupa muda gani? Hakuna aliyeficha, kwa sababu hakuna aliyeadhibiwa. Mimi nilipoitwa nilimletea mwenyewe mtu wa kunirithi, kijana tuliyesoma naye chuo, na tukafundisha pamoja wiki kadhaa kabla sijaondoka. Bado tunapigiana simu.

Shule jirani walikuwa wakimfuta mtu wakisikia ameomba. Huko walimu walitoweka Jumatatu asubuhi bila kuaga.

MamaRatiba

Shikamoo Mwalimu. Bahari_Kilifi, asante sana, hili la kuuliza mwanzoni mwa mwaka nalichukua lilivyo.

Nimerudi na habari. NSSF iko sawa hadi mwezi uliopita, nimeshusha pumzi. Akaunti nimeipitia na mhasibu. Mwalimu, umebahatisha au wewe ni mganga? Oktoba mwaka jana, ndani ya siku tisa tangu ada iingie, pesa ilikwenda kwenye bweni jipya la wasichana. Bweni ni zuri, lina vigae. Limejengwa kwa Desemba ya walimu.

Jambo jingine nililoliona kwenye majalada: walimu wenye watoto wanaosoma kwetu kwa nusu ada hawaondoki. Serikali inatangaza, wanatangaziwa, wanabaki. Darasani kuna kina Mitchell na Lee, 2001, wanasema tusiulize tu kwa nini watu wanaondoka, tuulize nini kinawashika: watu aliofungamana nao, anavyoendana na mahali, na atakachokipoteza akiondoka. Nusu ada ni hicho cha tatu. Lakini kijana wa fizikia hana mtoto, hana mke, ana begi moja. Huyo nimshike kwa nini?

Mwalimu Mstaafu (Tabora)

Marahaba. Huyo mwache aende. Umri huo serikali inamshinda mwajiri yeyote, hata mimi ningekwenda. Mwombe amalize muhula, mwandikie cheti chake cha utumishi bila kukuna kichwa, na umuulize nani anamfahamu wa kumrithi, kama alivyosema ndugu wa Kilifi. Nguvu zako ziweke kwa wale wa miaka thelathini na kitu, wenye familia, ambao bado hawajaandika barua. Uliza wawili watatu wiki hii: nini kingekufanya uondoke hapa? Watakueleza mengi, na nusu yake hayahitaji hela. Kuna mmoja atakuambia anabebeshwa vipindi vya kila anayeondoka.

Chaki_Nyeupe

Hilo la vipindi ni kweli tupu. Na makato ya NSSF, Madamu, jumla ni 20 lakini sheria haimlazimishi mwajiri amkate mtumishi 10 kamili. Hiyo ndiyo juu kabisa. Mwajiri akitaka anabeba zaidi, anakukata 5. Kwa huyo wa laki sita, inakugharimu elfu thelathini kwa mwezi, na unakuwa sawa na serikali kwenye makato. Ukiweka hivyo kwa waliofikisha miaka mitatu kazini, ningefikiria mara mbili.

Lipa_Kwanza

Si nilisema pesa?

MamaRatiba

Umesema, kaka, tumekusikia.

Kikao cha bodi ni Ijumaa. Nakwenda na mambo mawili tu, kwa sababu nikipeleka saba yatakufa yote: akaunti ya mishahara yenye saini mbili, yangu na ya mwenye shule, na makato ya 5 kwa waliotimiza miaka mitatu, masomo yote, si sayansi peke yake. Bonasi ya A naiomba isimame hadi matokeo yatoke. Kuna mtu ana mfano wa barua ya benki ya kufungua akaunti ya namna hiyo? Ya kwao ina kurasa nyingi na mhasibu ameanza kulalamika.