Oili kiasi gani kwenye methanoli ya injini ya ndege ya modeli?

rubani_arusha
Habari zenu. Nimerithi kwa mjomba injini ya ndege ya modeli, ya mipigo miwili, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 6.5. Pistoni yake ni ya chuma cha kusubu ndani ya silinda ya feleji, na mhimili unazunguka kwenye bushi badala ya beringi. Methanoli naipata kwa wauzaji wa kemikali. Naomba kujua niichanganye na oili gani, kwa kiasi gani, na iwapo ile ya pikipiki inaweza kufaa. Je, nitromethani, ile kemikali inayoongezwa kwenye mafuta ya injini hizi, ni ya lazima? Mjomba alikuwa akiirusha Dar es Salaam.

fundi_mbuyuni
Oili ya kawaida ya pikipiki haifai, kwa kuwa oili itokanayo na mafuta ghafi haiyeyuki katika methanoli. Itie kidogo kwenye chupa ya kioo pamoja na methanoli, uitikise, kisha uiache itulie; utaiona inajitenga na kutuama chini. Injini hizi hazina pampu ya oili, hivyo oili ikijitenga tangini, kuna wakati injini itanyonya methanoli tupu, na hapo pistoni hukwama.

Tumia mafuta safi ya nyonyo, asilimia 25 kwa ujazo, yaani lita 1 kwa lita 3 za methanoli. Yale ya kupaka nywele yachunguze kwanza, maana mengi yametiwa manukato au mafuta mengine.

mzee_wa_rafadha
Naafiki, ingawa nyonyo huacha utando wa kahawia kwenye pistoni na ekzosi, na ndiyo sababu wengi huchanganya na oili ya sintetiki. Injini za kisasa zenye pistoni ya alumini na silinda ya shaba iliyopakwa kromu huridhika na asilimia 18 hadi 20 ya mchanganyiko huo. Kwa pistoni ya chuma, hata hivyo, sikubaliani na wanaoshusha nyonyo chini ya nusu ya oili yote, kwa sababu injini ikipata joto kupita kiasi, nyonyo huendelea kushika kwenye chuma wakati oili nyingi za sintetiki zimekwisha kuungua.

Nitromethani hutuliza injini inapozunguka polepole na kuongeza nguvu, lakini masalia yake huleta kutu. Mafuta sanifu ya FAI, shirikisho la kimataifa la michezo ya anga, yamekuwa kwa miaka mingi methanoli asilimia 80 na oili 20, bila nitro hata tone. Nawe anza bila nitro.

Arusha iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar. Sindano ya kabureta, yaani skrubu inayodhibiti mafuta yanayoingia, iliyorekebishwa pwani itamwaga mafuta mengi mno. Ifunge kidogo kidogo hadi rafadha ifikie kasi yake ya juu, kisha uifungue tena kidogo ili moshi uendelee kuonekana.

rubani_arusha
Nashukuru sana. Nikiifunga sindano, oili nayo haitapungua?

mzee_wa_rafadha
Itapungua pamoja na methanoli, na kwa hiyo asilimia 25 usiiguse. Methanoli yenyewe ihifadhi kwenye chombo kilichozibwa vizuri, kwani hunyonya unyevu wa hewani, na usiimimine karibu na injini yenye moto: mwali wake hauonekani juani. Ukimaliza kuruka, bana mpira wa mafuta injini ijizimie yenyewe, kisha dondoshea matone ya oili kwenye kabureta na uizungushe rafadha kwa mkono.